Breki za Mbele

Watu wakiniuliza kwa nini simruhusu mtu mwingine aguse gurudumu la gari langu, huwa nawajibu kwamba mafundi wa siku hizi ni wezi. Si kweli. Au tuseme ni kweli, lakini siyo sababu. Sababu ni jambo lililotokea nyumbani kwangu Garissa wakati wa vita, na nimelikalia kimya miaka mingi kuliko umri wa mafundi hao.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vile. Serikali iliwaita waliokuwa msituni shifta, yaani majambazi, na sisi tuliobaki mjini tukaitwa hivyo hivyo kila tulipochelewa kujibu swali. Ilipofika saa kumi na mbili jioni, mtu alitakiwa awe ndani ya ua wake, na injini ya gari isisikike. Barabara ya kwenda Thika haikupitika ila kwa msafara, malori ya askari mbele na nyuma, mara mbili kwa juma. Kila gari la raia lilihitaji pasi iliyoandikwa namba yake na majina ya waliomo. Ukikosa msafara wa leo, unasubiri mwingine. Kupita peke yako ni kujitafutia bomu la kutegwa, au risasi ya upande wowote utakaokuona kwanza.

Nilikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea ngozi za mbuzi. Sikuwa tajiri, lakini gari lilikuwa langu, na nililipenda kwa kiasi ambacho mke wangu alikiona ni cha aibu.

Binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka saba. Siku moja pipa la maji lilimponyoka mchuuzi kwenye mkokoteni wa punda, likamwangukia muundi. Dresa wa zahanati akamfunga vibao, akampa vidonge, akasema atapona. Siku ya tano mguu ulianza kutoa harufu. Dresa yule, mtu wa bara, mpole, aliniita nje na kuongea na mimi akitazama chini.

"Mfikishe Thika kwa daktari wa kupasua kabla ya keshokutwa," alisema. "Baada ya hapo mimi sina la kukuahidi. Huenda wakaukata."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Wajir na halijarudi. Nilikimbia ofisi ya pasi, nikasimama kwenye foleni nusu siku, nikapata pasi ya watu wanne: mimi, mke wangu, mtoto, na mama mkwe wangu, kwa sababu mtoto alikuwa halali mpaka ashikwe na bibi yake. Msafara ulikuwa unaondoka kesho yake asubuhi. Nikarudi nyumbani nikiwa na karatasi mkononi na moyo umetulia kidogo, mpaka nilipoliona gari.

Gari halikuwa na breki. Kwa juma zima nilikuwa nakanyaga pedeli mara tatu kabla halijasimama, na magurudumu ya mbele yalikuwa yanalia chuma kwa chuma. Katika mchanga wa mjini hilo halikunisumbua sana, kwa sababu mchanga wenyewe hulisimamisha gari. Lakini msafara ulikuwa ukikusanyika mtoni, na kabla ya daraja kuna mteremko, na mwisho wa mteremko kulikuwa na kizuizi: mapipa yaliyojazwa mchanga, mti uliolazwa juu yake, na askari nyuma ya magunia. Amri yao sote tuliijua. Gari lisiposimama, linapigwa. Mwezi uliotangulia lori la mkaa lilipitiliza kizuizi hatua chache tu, na dereva wake hakuteremka tena.

Fundi mmoja tu mjini aliyeaminika alikuwa amekwisha kuondoka kurudi kwao bara, amechoka kuulizwa na kila upande yuko upande gani. Kwa bahati nilikuwa nimenunua sanduku lake la vyombo, pamoja na breki mpya za mbele ambazo nilikuwa nimemwagiza. Mara mbili nilikuwa nimekaa naye akifunga breki za gari hilo hilo, na mimi ni mtu wa kuangalia mikono ya watu. Basi nikasema nitazifunga mwenyewe, nyumbani, mchana huo.

Vyombo ndivyo kazi. Sanduku lile lilikuwa na jeki, spana za saizi zote, brashi ya waya, mpira mwembamba wa kutolea hewa kwenye mafuta ya breki, na koleo la springi, lile lenye mdomo uliopinda. Asiye na koleo hilo huvuta springi kwa bisibisi, na bisibisi ikiteleza, jicho linakwenda nayo. Niliweka magogo nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikainua mbele, nikaweka mawe chini ya ekseli kwa sababu jeki haiaminiki, nikafungua magurudumu yote mawili na kuvuta dramu, lile sufuria la chuma linalozunguka na gurudumu. Ndani breki za zamani zilikuwa zimekwisha kabisa. Nikazitoa, nikasugua vumbi na kutu kwa brashi.

Breki mpya zilikuwa nzuri. Ni vyuma viwili vilivyopindwa nusu duara kwa kila gurudumu, na mgongoni vimebandikwa kitu kigumu, kikavu, cha rangi ya majivu, ambacho ndicho husugua dramu na kulishika. Fundi alikuwa ameniambia jambo moja kuhusu kitu hicho, akalirudia: kisiguswe na mafuta. Hata kidole chenye jasho ukifute kwanza. Nilizishika kwa kitambaa safi. Nikafunga springi, nikasogeza kila kitu mahali pake, nikasimama nikatazama, na nikaona fahari ambayo mtu hapaswi kuiona mtoto wake akiwa anaungua kwa homa ndani ya nyumba.

Ilibaki kurudisha dramu na kutoa hewa. Ndipo landrova ya doria iliposimama langoni.

Waliita mwenye nyumba. Nilitoka na mikono yangu myeusi. Walikuwa wawili, na yule aliyesema alikuwa kijana kuliko mimi.

"Chuma gani inalia hapa ndani tangu saa nane?"

"Breki, afande. Mimi natengeneza breki ya gari. Kesho mimi naenda msafara, basi iko." Kiswahili changu siku hizo kilikuwa kibovu, na pasi ulimini mwangu ilikuwa basi.

"Pasi," alisema. Nikampa. Akaisoma polepole, kisha akaniuliza mafuta yaliyo kwenye kopo ni ya nini, na mpira ule mwembamba ni wa nini, na waya ule. Siku hizo waya na kopo katika ua wa mtu vilitosha kumpoteza mtu. Nilieleza. Nikaeleza tena. Nikakasirika, na hasira hiyo nayo nikaogopa itaonekana. Walinisimamisha langoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma karatasi moja. Mwishowe wakanirudishia pasi na kunikumbusha saa.

Niligeuka kurudi kwenye gari nikamkuta mama mkwe wangu uani.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu wajukuu wangu wenyewe hawaelewi tena. Kwetu mwanamume hana mazoea na mama wa mkewe. Hamtazami usoni, hali mbele yake, hamwulizi maswali. Akiingia yeye, unatoka wewe. Mkiwa na la kuambiana, linapita kwa mke. Hii si chuki, ni heshima, na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri. Miaka minane aliyokuwa mkwe wangu sikuwahi kumwita wala kuitwa naye. Basi nilipomwona ameinama kando ya gurudumu la mbele, nilifanya nilichofundishwa. Nikasimama penye ua wa miiba, nikampa mgongo, nikasubiri amalize.

Nilimsikia akisoma dua ya safari. Nilijua kwa pembe ya jicho kwamba alikuwa na kile kibuyu chake cha samli mkononi. Mama yule alikuwa akipaka samli kila kitu kipya na kikavu: chombo kipya cha maziwa kisipasuke, kamba ya ngozi isikatike, utosi wa mtoto mchanga. Nilidhani analipaka gari, bodi yake, kwa baraka. Niliona ni jambo la kheri. Akazunguka upande wa pili, akakaa huko kidogo, kisha nikasikia nguo zake zikipita kuelekea nyumbani.

Jua lilikuwa limeshuka. Nilibakiwa na muda mfupi, labda nusu saa. Nikachukua dramu la kwanza, na nilipolinyanyua niliona zile breki za rangi ya majivu zimekuwa nyeusi kidogo. Mkono wangu ulisita. Nimekaa na msito huo maisha yangu yote, kwa hiyo naujua vizuri: haukuwa wa mtu asiyejua. Ningeweza kupitisha kidole. Ningeweza kumwita mke wangu nikamwambia, kamwulize mama alipaka wapi. Lakini kumwuliza ni kumwambia ameharibu, na kumwambia ameharibu mbele ya binti yake, jioni kama ile, sikuweza. Nikajiambia ni kivuli. Nikasukuma dramu, nikafunga magurudumu, nikatoa hewa huku mke wangu akinikanyagia pedeli, "kanyaga, shikilia, achia," mpaka pedeli ikawa ngumu chini ya mguu wake. Tukaingia ndani king'ora cha saa kumi na mbili kikilia. Kulijaribu gari barabarani hakukuwezekana.

Asubuhi tulimlaza mtoto kwenye kiti, kichwa mapajani mwa mama yake. Bibi yake alipanda nyuma, juu ya ngozi na blanketi, uso wake kwenye kidirisha kilichokuwa nyuma ya kichwa changu. Tulikwenda polepole katika mchanga. Nilipokanyaga, gari lilitulia, na nikamshukuru Mungu, nisijue kwamba ni mchanga ulionitulizia.

Tulipofika juu ya mteremko ardhi ikawa ngumu. Nililiona daraja, malori yamepangwa, na kizuizi. Nikakanyaga. Pedeli ilikuwa ngumu, nzuri kabisa, na gari likaendelea kushuka.

Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Lilipunguza kidogo, kwa zile breki chakavu za nyuma, kisha likakataa. Nikavuta breki ya mkono. Nikalazimisha gia ya kwanza, injini ikapiga kelele, mke wangu akajikunja juu ya mtoto. Niliwaona askari wakiinuka nyuma ya magunia na bunduki zikaja usawa wa kioo. Nakumbuka nilitoa mkono mmoja dirishani, wazi, nikiupunga, na kwa ule mwingine nikalipeleka gari kwenye tuta la mchanga pembeni. Likapanda, likainama, likazimika. Pua yake iligusa pipa la kwanza. Hakuna aliyefyatua. Mpaka leo sijui kwa nini.

Kisha ikaja harufu. Ilitoka chini ya magurudumu ya mbele na moshi mweupe, harufu ya jikoni, ya nyama inayokaangwa kwa ajili ya safari ndefu. Nilijua pale pale.

Walinivuta nje kwa shati. Nikalazwa kifudifudi, wakamwaga vitu vyetu vyote barabarani. Ofisa wao alikuja akanisimamisha.

"Ulitaka kugonga askari?"

"Hapana, afande. Bole sana. Breki imekataa. Mtoto iko ndani, angalia, mguu yake naoza."

Alimtazama mtoto, nikaona amemwona. Lakini askari mmoja alikuwa amechuchumaa penye gurudumu, akapitisha kidole ndani ya rimu, akakinusa.

"Hii ni samli, afande! Mtu amepaka gari samli!"

Ofisa akanigeukia. Mtu anayetia mafuta kwenye breki zake kabla ya kuteremkia kizuizi cha askari, ama ni mwendawazimu ama amepanga jambo. "Nani alipaka?"

Nyuma yangu mama mkwe alikuwa ameteremka, amesimama na mikono yake miwili ikiwa imeshika shungi. Hakujua Kiswahili hata neno la kuombea maji. Nikadhani hataelewa lolote.

"Mimi," nilisema. "Mimi natia. Mimi si fundi. Nadhani nafaa."

Alinipiga kofi. Si kofi la kuumiza sana, lilikuwa la kumdharau mtu mjinga, na alinipiga mbele ya wanawake wale wawili. Kisha akatazama saa yake. "Malori yataondoka yakishapangwa. Ukitengeneza kabla ya lori la mwisho kuvuka, utaingia. Usipotengeneza, rudi nyumbani."

Nilifungua sanduku. Sikumbuki nikiinua gari, nakumbuka tu vidole vyangu. Gurudumu la kulia, dramu linaunguza, breki ndani zinang'aa kama maandazi. Nikaziosha kwa petroli, nikazikwangua kwa msasa, nikaosha tena, nikaliosha na dramu, nikapuliza mpaka zikawa kavu. Injini za malori zilikuwa zimekwisha kuwaka. Nikafunga. Nikahamia kushoto. Springi ikaniponyoka ikaruka mchangani, mke wangu akaitafuta kwa magoti, akaipata. Nilisikia lori la kwanza likipanda daraja, mbao zikigonga. Nikahesabu kwa masikio huku mikono ikifanya kazi. Sikuinua kichwa. Lori la mwisho lilipovuka, nilikuwa nimeshika dramu la kushoto, bado sijalirudisha.

Nilimwendea ofisa nikamwomba amweke mtoto na mama yake kwenye gari la jeshi lililokuwa bado linaonekana ng'ambo. Nilimwomba kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Alisema pasi ni ya gari hili, na magari yale hayana amri ya kubeba raia. Alilisema bila ukali. Nadhani naye alikuwa na watoto.

Tulirudi nyumbani na breki nzuri sana. Msafara mwingine uliondoka siku ya nne. Tulifika hospitali, tulipokewa vizuri, na daktari alifunua bandeji, akafunika, akauliza aliumia lini. Walimkata mguu chini ya goti asubuhi iliyofuata.

Sikumwambia mtu. Mke wangu aliulizwa na majirani, akasema mume wangu alijifanya fundi, na nikaliacha hivyo. Alinilaumu miaka mingi, wakati mwingine kimya, wakati mwingine kwa sauti, naye alikufa akinilaumu. Nilijiona mtu mkubwa kwa kuvumilia. Nasema wazi: nilijisifu moyoni. Nilimkinga mama mzee, nikala kofi lake, nikabeba lawama yake, na kila nilipopishana naye mlangoni, macho yangu chini, nilihisi nimemlipia kitu.

Binti yangu alijifunza kutembea na mguu wa kutengenezwa, akasoma, akawa mwalimu. Bibi yake aliishi mpaka akawa mdogo kama mtoto. Tulimzika alasiri moja ya joto, na baada ya watu kuondoka, binti yangu alikaa na mimi ukumbini, akanimiminia chai.

"Aabo," alisema, yaani baba, "ayeeyo alijua."

"Bibi yako alijua nini?"

"Samli. Alisikia ile harufu pale mtoni kabla yenu nyote. Na kofi halihitaji mtu ajue Kiswahili. Aliniambia nilipokuwa darasa la saba. Alilia, akaniomba radhi, nikamsamehe. Tangu siku ya mtoni mpaka anakufa hakuonja samli, nyinyi mkidhani ni tumbo. Akaniapisha nisikwambie, kwa sababu ulimsitiri, na aliona ni aibu kukuonyesha kwamba amekuona ukimsitiri."

Nilikasirika. Nilitaka kusema, basi miaka yote hii nimebeba mzigo wa bure, na yeye amebeba wake, ukuta mmoja katikati yetu, na heshima ile haikumrudishia mtu yeyote mguu. Nikafungua mdomo, nikasema nusu yake. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyelaumiwa, mimi ndiye niliyepigwa.

Aliniacha nimalize.

"Uliziona zimekuwa nyeusi?" aliniuliza. "Kabla hujafunga?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia ndiyo, niliziona.

"Ayeeyo aliniomba radhi kwa sehemu yake," alisema. "Wewe hujawahi."

Nikakiweka kikombe chini, nikamwomba.